Kutoka rafu hadi kijitabu: kuchora katuni itakayoishi zaidi ya gazeti la leo

Katuni ya gazeti huzeeka jioni ileile. Kesho yake imefungiwa vitumbua. Ndiyo maana wachora katuni wengi, wakiamua baada ya miaka kumi kutoa kitabu, hukuta hawana cha kukusanya. Karatasi zenyewe zilibaki chumba cha habari, faili zilizopo zinatosha kioo cha simu tu, na mkataba unasema yule mhusika aliyewapa jina ni mali ya mtu mwingine. Kitabu cha katuni hakianzi siku ya kwenda kwa mpiga chapa. Kinaanza siku ya rafu ya kwanza, yaani ule mchoro wa haraka wa majaribio, na hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mtazamo huo.

Wazo

Anayeanza hushika penseli kabla hajajua anasema nini. Weka penseli chini. Chukua daftari, andika habari tano kubwa za siku, kila moja mstari wake, kisha mbele ya kila habari andika sentensi moja ya maoni. "Maji yamekuwa ya mgao" ni habari, na ndani yake hamna katuni. "Watu wanalipia bomba, si maji" ni maoni, na ukiisoma mara mbili picha inaanza kujileta.

Baada ya maoni, tafuta mahali. Katuni za Kiswahili zimestawi pale ambapo kila msomaji ameshakaa: kituoni, kwa mama ntilie, kwenye bao, msibani, kwa fundi cherehani, uani kwa mwenye nyumba. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, hawakuwa mawaziri wala matajiri, na wasomaji waliwajua kama wanavyomjua jirani. Ukishapata mahali, nusu ya maelezo hayahitajiki tena, kwa sababu msomaji anajua nani ana sauti pale na nani anadaiwa.

Tuchukue hiyo ya bomba. Mahali: chumba cha kupanga. Mwenye nyumba kasimama mlangoni, mpangaji yuko ndani na ndoo tupu. Maneno ya kwanza yanayomjia mchoraji huwa marefu hivi:

"Mzee, mbona ulisema chumba hiki kina maji ya bomba na sasa ni wiki ya pili sijaona hata tone?"
"Mimi nilikwambia kuna bomba tu, habari za maji kamuulize mwenye maji."

Maneno 29, na utani umezama katikati. Sasa jiulize kila neno linafanya kazi gani ambayo picha haiwezi. Bomba linaonekana, ukavu wake pia unaweza kuonekana: tundika shati kwenye bomba kwa henga, lionekane limegeuzwa kabati siku nyingi. Wiki ya pili haina kazi tena. Yanabaki haya:

"Na maji, mzee?"
"Nilisema bomba."

Maneno matano. Lile "mzee" limebaki kwa makusudi. Mpangaji anayedaiwa kodi hamsemeshi mwenye nyumba kwa ukali, na heshima yake ndiyo inayolifanya jibu liume. Ukilifuta unaokoa neno moja na kupoteza uhusiano wa watu wawili.

Kishawishi kitakachokuja ni kuandika MGAO kwenye ndoo na MAMLAKA mgongoni kwa mwenye nyumba. Usifanye. Maandishi ya kubandika juu ya vitu huja pale mchoraji asipoamini picha yake, na msomaji huihisi hiyo hofu. Kibandiko kimoja kinavumilika ikiwa kitu chenyewe hakichoreki, kama riba au mfumuko wa bei. Vikifika vitatu, rudi kwenye daftari.

Kabla ya kupaka wino mwonyeshe rafu mtu ambaye hajasoma habari za siku hiyo, uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Akiuliza "Huyu ni nani?", tatizo ni mchoro. Akiuliza "Kwa hiyo?", tatizo ni wazo, na hakuna uzuri wa wino utakaoliokoa.

Kwa mhariri peleka rafu tatu, kila moja ikiwa na wazo lake. Rafu tatu za wazo moja kutoka pembe tofauti ni rafu moja. Likikataliwa hilo huna kitu mkononi na saa zinakwenda. Ukubwa wa nusu kadi ya posta unatosha. Rafu iliyochorwa vizuri mno humfanya mhariri ajadili koti badala ya wazo.

Sura ya mtu

Kwa kikaragosi cha kiongozi, yaani mchoro unaokuza sura yake, kusanya picha zisizopungua kumi: za mbele, za ubavuni, akicheka, akiwa amechoka, akitembea akionekana kwa nyuma. Picha moja haitoshi, kwa sababu lenzi ya karibu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Ukiifuata umechora kamera, si mtu. Zipange mezani, kisha zifunike na uchore kwa kumbukumbu kwa dakika mbili. Yale mambo mawili matatu yaliyojitokeza bila kutafutwa ndiyo ya kukuzwa. Mengine yaache karibu na kawaida, maana pua kubwa huonekana kubwa ikiwa mdomo haujakuzwa nayo. Ukikuza kila kitu unapata zimwi lisilofanana na yeyote.

Mara nyingi mtu yuko kwenye mabega kuliko usoni. Jaribu kumchora akiwa amegeuka. Akitambulika kwa mgongo, umempata. Ulemavu na maradhi usiyaguse hata kama yanamtambulisha haraka. Mbali na adabu, msomaji huanza kumhurumia uliyetaka kumkosoa, na hoja yako imekufa.

Karatasi, wino na ukubwa

Chora kubwa kuliko itakavyochapwa. Nafasi ya gazeti ikiwa na upana wa sentimita 15, chora kwenye sentimita 21. Hilo ni punguzo linalobakiza karibu asilimia 70 ya upana, ambalo pia ndilo punguzo la kutoka A4 kwenda A5, kwa hiyo kazi hiyohiyo itaingia kwenye kijitabu baadaye bila kuchorwa upya. Kumbuka punguzo linakula mistari pia. Mstari wa milimita 0.3 unakuwa 0.2; wa 0.1 unakaribia kupotea kwenye karatasi ya gazeti. Kalamu za 0.3, 0.5 na 0.8 pamoja na brashi moja zinatosha kwa kazi yote. Ile ya 0.1 iache dukani.

Vivuli vya mistari myembamba ndiko ajali nyingi hutokea. Karatasi ya gazeti hunywa wino na kila mstari hutanuka kidogo, hivyo mistari iliyosongamana huungana na kuwa doa jeusi. Acha walau milimita moja kati ya mstari na mstari kwenye mchoro wako. Ukitaka giza, paka giza kabisa. Eneo jeusi thabiti huchapika vizuri kuliko kijivu cha kubahatisha.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inafaa kwa rafu tu. Kwa kazi ya mwisho nunua karatasi laini ya gramu 180 hadi 250, au manila yenye uso usio na vinyweleo. Kila pakiti ijaribu kabla ya kulipa: chora mstari mmoja wa wino, subiri dakika moja, kisha uangalie kingo zake. Ukiona vijimizizi vinatambaa pembeni, karatasi hiyo haikufai, hata kama steshenari wameiandika ya wasanii.

Penseli iwe HB au 2H, mkono mwepesi. Wengine hupenda penseli ya buluu hafifu kwa sababu haihitaji kufutwa: ukiskani kwa rangi na kubakiza chaneli ya buluu peke yake, mistari ya buluu hupotea na wino mweusi hubaki. Wino mweusi usioyeyuka kwa maji ni wa nibu ya kuchovya na brashi. Usiutie kwenye kalamu ya wino ya kuandikia. Gundi iliyomo hukauka ndani na kalamu haifufuki. Nibu mpya nayo huja na mafuta ya kiwandani. Ukiona wino unajikusanya kama matone ya mvua kwenye jani la gimbi, ioshe kwa sabuni, uikaushe, uanze tena.

Kufuta penseli mapema huharibu kazi nyingi kuliko kuteleza kwa mkono. Mstari mwembamba hukauka upesi, ila maeneo meusi, hasa mwambao wakati wa masika, yape saa nzima. Gusa kwa mgongo wa kidole. Ukihisi ubaridi, bado.

Herufi na viputo

Hapa Kiswahili kina tabia zake, na mafunzo mengi yaliyoandikwa kwa lugha nyingine hayakusaidii. Maneno yetu ni machache lakini marefu. "Hawajatuletea" ni sentensi nzima ndani ya neno moja la herufi 13, na kiputo chembamba hakiliwezi. Kwa hiyo andika maneno kwanza, kisha chora kiputo kuyazunguka. Ukichora kiputo kwanza, utaishia kubana herufi za mwisho kama abiria wa jioni.

Ikibidi kukata neno, kata kwenye silabi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: hawa-jatuletea, hawaja-tuletea. Usitenganishe mb, nd, nj, ng, ny, sh, ch wala dh. Ni nyu-mba, kamwe si nyum-ba. Na usiache M ya "mtu" au ya "mkate" peke yake mwisho wa mstari. Ni silabi halali, lakini machoni inaonekana kama kosa la chapa.

Ukiandika kwa herufi kubwa tupu, chunga kile kijialama cha ng'. NG'OA ikipoteza alama inakuwa NGOA, neno lenye maana yake nyingine kabisa. Kwenye mchoro wa A4 urefu wa herufi uwe milimita 4 hadi 5. Baada ya punguzo utabaki na karibu 3, ambazo jicho la mzee wa miaka sitini bado linaziweza. Kila kiputo kisizidi mistari mitatu au minne. Mazungumzo yakizidi, gawa fremu.

Msemaji wa kwanza awekwe kushoto, au kiputo chake kiwe juu zaidi. Katika katuni yetu, mpangaji lazima awe kushoto. Akiwa kulia, msomaji atakutana na "Nilisema bomba" kabla ya swali na utani umemwagika. Hili lipange kwenye rafu, kwa sababu kugeuza picha iliyokwisha wino ni kuichora upya. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni na ukomee njiani. Ukigusa uso unaonekana kama mrija.

Wanaochora kwa kompyuta au tableti waweke turubai kwenye dpi 600 (nukta kwa kila inchi) tangu mwanzo na herufi kwenye leya, yaani tabaka, yake pekee. Siku katuni ikitakiwa kwa Kifaransa huko Bukavu au kwa Kiingereza, unabadilisha leya moja. Herufi zilizounganishwa na picha humlazimu mtu kufuta na kuchora mandhari upya chini yake. Na hifadhi kila baada ya dakika chache. Umeme haubishi hodi ukikatika.

Kuskani na kutunza

Skani kwa dpi 600, rangi ya kijivu, au kwa rangi kama ulitumia penseli ya buluu. A4 itakupa faili ya pikseli 4960 kwa 7016. Sukuma weupe hadi karatasi iwe nyeupe kweli na weusi hadi wino uwe mweusi kweli, ila simama kabla mistari myembamba haijaanza kukatika. Faili hiyo ndiyo mama; haitumwi kwa mtu wala haipunguzwi. Nakala za kutuma hutoka kwake: ya gazeti kwa ukubwa walioomba, ya mitandaoni pikseli 1080 kwa 1350. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha inabanwa, na yupo msanifu kurasa ambaye ataichapa hivyohivyo ilivyo.

Simu si skana, lakini siku ya dharura inatumika. Weka mchoro karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni bila jua la moja kwa moja, simu iwe sambamba na karatasi. Simama mbali kidogo na uvute kwa zumu, kwa sababu ukikaribia mno fremu za pembeni zinapinda kama pipa.

Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha neno moja: 2025-03-14_bomba. Yatajipanga yenyewe. "Katuni mpya ya mwisho kabisa 2" haitajipanga popote. Nyuma ya karatasi andika kwa penseli tarehe, gazeti, nani amechorwa na kwa nini. Hili la mwisho linapuuzwa na wengi, na ndilo linalotesa siku ya kitabu: miaka mitano ikipita, hata mchoraji mwenyewe huwa hakumbuki yule mwenye koti alikuwa waziri wa nini na kashfa yenyewe ilikuwa ipi.

Karatasi zilale bapa ndani ya boksi, juu ya kabati, mbali na ukuta na sakafu. Mchwa huanzia chini. Mifuko ya plastiki iliyofungwa kabisa si kinga kwenye joto la Mombasa au Tanga. Unyevu ukiingia hautoki, na ukungu hufuata. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Za faili weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na ya tatu nje ya nyumba, iwe mtandaoni au kwa ndugu. Flashi inabeba, haitunzi.

Mhusika anayedumu

Ukipata mhusika wa kudumu, mtengenezee karatasi ya vipimo: amesimama mbele, ubavu, nyuma; sura sita za hisia; urefu wake kwa idadi ya vichwa; nguo zake; na maneno asiyoweza kuyasema. Bila hiyo, baada ya katuni hamsini atakuwa amenenepa na kubadilika masikio bila wewe kujua, na ukipanga katuni za miaka miwili kwenye kurasa zinazofuatana msomaji ataona watu wawili.

Kuna sababu nyingine. Philip Ndunguru, aliyewapa wasomaji wa jarida la Sani wahusika kama Ndumilakuwili na Lodilofa, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwaendeleza. Mhusika akipendwa, ipo siku mkono mwingine utamchora, kwa ruhusa au bila ruhusa. Karatasi ya vipimo yenye tarehe na sahihi ni mwongozo kwa anayeruhusiwa na ushahidi dhidi ya asiyeruhusiwa.

Mikwamo

Katuni kukataliwa ni sehemu ya mshahara. Muulize mhariri sababu ni ipi kati ya tatu: ukweli, sheria au ladha. Ikiwa ni ukweli, sahihisha hata kama unaumia. Ikiwa ni sheria, omba aonyeshe sehemu gani. Mara nyingi ni neno moja au nembo moja, na ikiondoka katuni inapita. Ikiwa ni ladha, iweke kwenye faili la zilizokataliwa pamoja na tarehe. Baadhi zitaonekana hafifu baada ya mwaka, nyingine zitakuwa kurasa bora za kitabu.

Kuhusu sheria, kutania maoni na matendo ya kiongozi ni tofauti na kudai ameiba. Picha ya mtu akiingiza noti mfukoni husomwa kama madai, hata bila maneno. Nchini Kenya Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya fidia bado inafunguliwa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inaweza kuigusa katuni yako ukishaiweka mtandaoni. Kila katuni yenye tuhuma iwe na ushahidi wake umehifadhiwa: kipande cha gazeti, ripoti, hotuba na tarehe.

Mkataba ndio mkwamo unaokuja polepole. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huhesabu kwamba hakimiliki ya kazi uliyofanya ukiwa mwajiriwa, au uliyoagizwa kufanya, imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Hapo kwenye "vinginevyo" ndipo pa kukaa. Kabla ya kusaini, popote ulipo, omba yaandikwe mambo manne: gazeti linapata haki ya kuchapa mara ya kwanza, karatasi halisi inarudi kwako, unaweza kukusanya katuni kwenye kitabu baada ya muda fulani, tuseme miezi sita, na mhusika ni wako. Wakikataa yote, pigania la mwisho. Katuni utachora nyingine, mhusika hajirudii. Kusajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, KECOBO kwa Kenya au COSOTA kwa Tanzania, husaidia siku ya ubishi, kwa kuwa kunakuwa na karatasi yenye tarehe.

Kisha usiwe na mlango mmoja. Mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichora katika gazeti la Nation la Kenya tangu 1992 hadi 2016; alipoondoka, XYZ Show, kipindi cha runinga cha wanasesere wa mpira alichokianzisha 2009, kilikuwa kimeshajulikana. Masoud Kipanya, mchora katuni wa Tanzania, amesikika pia redioni, na mwaka 2022 alizindua hadi gari dogo la umeme. Si lazima uunde gari. Lakini mradi wa pili huanzishwa wakati wa kwanza bado unalipa, kwa saa mbili tatu za wiki zenye siku maalumu. Anayesubiri afukuzwe kwanza huanza akiwa na haraka na bila akiba, na wateja huisikia haraka hiyo kwenye bei.

Ukame wa mawazo nao una kanuni. Mara nyingi umechoka kusoma habari zilezile kutoka sehemu zilezile. Siku mbili usifungue gazeti. Panda basi usilolipanda, keti stendi, andika sentensi kumi ulizosikia watu wakisema. Sentensi, si michoro.

Mkono ukianza kufa ganzi au kiwiko kuwaka, usisubiri uzoee. Inua ubao wa kuchorea kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 30, chora kutoka begani badala ya kifundo, zungushia mpira au kitambaa kalamu nyembamba ili vidole visibane, na kila dakika 45 simama. Ganzi ikibaki hadi asubuhi, mwone daktari kabla ya makataa yoyote.

Wezi wa mitandaoni hukata sahihi iliyo pembeni. Iweke ndani ya picha, karibu na mguu wa mhusika mkuu, mahali ambapo ukiikata umekata katuni.

Kijitabu

Anza na A5 ya kurasa 32 iliyoshonwa kwa pini mbili kwenye mkunjo. Ni karatasi nane za A4, kila moja kurasa nne, na jalada juu yake. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukiwa na 30, unazo 32 mbili zikiwa tupu, kwa hiyo zitumie.

Mpangilio wa kurasa huwachanganya wengi, ila una siri moja: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi hujumlishwa kuwa 33. Karatasi ya nje ina 32 kushoto na 1 kulia. Nyuma yake 2 na 31. Inayofuata ina 30 na 3. Nyuma yake 4 na 29. Hadi ya katikati, 16 na 17. Chapa pande mbili ukiwa umechagua kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitasimama kichwa chini. Tengeneza mfano kwa karatasi tupu, uandike namba kwa mkono, umpelekee mpiga chapa pamoja na faili. Dakika tano hizo zimeokoa maboksi mengi.

Karatasi za ndani gramu 80 hadi 100, jalada 200 hadi 250. Zikikunjwa pamoja, za katikati husukumwa nje karibu milimita moja na hukatwa zaidi, hivyo maneno yote yakae milimita 10 kutoka ukingoni. Picha inayofika ukingoni ivuke kwa milimita 3. Weusi uwe wa wino mweusi peke yake. Mistari iliyojengwa kwa rangi nne hutoka na kivuli chekundu au cha buluu sahani za kuchapia zikiteleza kidogo.

Usipange katuni kwa tarehe tu. Anza na inayoeleweka bila maelezo, weka ya pili kwa uzito mwishoni, na kwa kila iliyozeeka andika mstari mmoja chini: mwaka na tukio. Hapo ndipo yale maandishi ya nyuma ya karatasi yanapolipa.

Mia moja za mwanzo zichapwe kwa mashine ya dijitali. Uchapaji wa sahani hupendeza bei ukifika mamia kadhaa, kwa kuwa gharama ya sahani ni ileile kwa nakala kumi au elfu. Hesabu ya mfano: nakala ikikugharimu shilingi 2,500 na duka likichukua asilimia 40, ukiuza 5,000 unabaki na 3,000, faida ni 500, na bodaboda ya kupeleka bado. Kwa 7,500 unabaki na 4,500. Bei yenye nafasi ya kupumua huanzia mara tatu ya gharama. Ukitaka kuingia madukani rasmi utahitaji ISBN. Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Kabla ya mia zote, lipia nakala moja. Isome ukiwa umekaa juani na kalamu nyekundu mkononi: alama za ng', mikia ya viputo, namba za kurasa, jina lako kwenye jalada. Andika juu yake YA MAKOSA, uifunge kwenye boksi la karatasi halisi, na usimuuzie mtu hata akibembeleza.